Kununua mnadani ng'ambo: namna ya kuufikisha mzigo nyumbani bila kuumia

Lenzi ya kwanza niliyoshinda kwenye mnada wa mtandaoni ilikuwa Nikon ya milimita 50, ya zamani, ya chuma, kutoka kwa muuzaji wa Uingereza. Ilifika Dar es Salaam baada ya wiki saba ikiwa ndani ya bahasha. Haikuwekwa kwenye boksi. Ilizungushiwa gazeti tabaka moja, basi. Nilipoiinua dirishani nikaona ufa kwenye kioo cha nyuma, mwembamba kama unywele, umeanzia ukingoni ukakaribia katikati. Bahasha nilikuwa nimeshaichana na kuitupa kwa furaha. Sikuwa na picha hata moja ya jinsi ilivyofungwa, na muuzaji akajibu kwamba yeye aliituma ikiwa nzima.

Mimi ni fundi wa kamera, na vipuri vya kamera za filamu huvipati madukani kwetu, kwa hiyo sikuacha kununua. Nilichobadilisha ni mpangilio wa kazi. Wengi wetu hatuumii kwenye kuweka dau, tunaumia kwa sababu safari ya mzigo tunaanza kuifikiria tukishashinda, na wakati huo hela imeshatoka. Ndiyo maana nusu ya hatua zilizo hapa chini zinafanyika kabla hujaweka dau. Mifano mingi ni ya eBay, kwa kuwa ndiko wengi wanakoanzia, na hesabu ni za Tanzania. Aliyeko Kenya aweke viwango vya kwao.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mwisho kabla ya dau la kwanza

Bei unayoiona mnadani siyo bei ya kitu. Forodha za nchi za Afrika Mashariki hazitozi kodi kwenye bei ya kununulia peke yake. Kwa kawaida wanajumlisha bei, nauli ya mzigo na bima, halafu ndipo wanaanza kutoza.

Chukua mfano wa kitu ulichoshinda kwa dola 80. Nauli dola 38, bima dola 2. Jumla ni 120. Kama kitu hicho kiko kwenye kundi la ushuru wa asilimia 25, ushuru ni dola 30. Sasa una 150, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inatozwa juu ya hiyo 150, siyo juu ya 80: dola 27. Mzigo wako umefika dola 177, na bado hujagusa tozo ndogondogo za forodha, ada ya kampuni iliyokutolea mzigo na makato ya benki ya kubadilisha fedha.

Viwango vya ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki vimepangwa kwa makundi: 0, 10, 25 na 35, na vipo vitu vyenye viwango vyake vya pekee. Kabla hujaweka dau, uliza Mamlaka ya Mapato (TRA) au wakala wa forodha kitu chako kiko kundi lipi. Usibahatishe, maana kati ya 0 na 25 kuna tofauti ya kununua au kuacha.

Mimi naifanya hesabu hii kinyumenyume. Nikiwa na dola 250 za kutumia kwa kitu cha asilimia 25, nazigawa kwa 1.475 (yaani 1.25 mara 1.18), napata kama 169. Natoa nauli na bima, tuseme 40, inabaki 129. Nikitoa na kidogo kwa ajili ya tozo na makato, dau langu la juu kabisa linakuwa 115. Naliandika kwenye karatasi na kuibandika mezani, kwa sababu saa ya mwisho ya mnada damu inachemka na mkono unaweza kukuponza.

Kwenye eBay huhitaji kukaa macho kupandisha dola moja moja. Unaandika dau lako la juu, mfumo unakupandishia wenyewe pale tu mwingine anapokupita. Ukiandika 80 na anayekufuata akaishia 50, utalipa 51. Kwa hiyo andika kiwango chako cha kweli mara moja, ulale.

Hatua ya 2: Soma ukurasa wa bidhaa kama msafirishaji, siyo kama mnunuzi

Mnunuzi anatazama picha. Msafirishaji anatafuta mambo mengine.

Kwanza, je, anatuma nchini kwako? Wauzaji wengi wanaitoa Afrika nzima kwenye orodha yao. Ukishinda kwa mtu wa namna hiyo huku ukitarajia kumbembeleza baadaye, ana haki ya kufuta mauzo, na wewe ndiye unayeonekana mkosaji.

Pili, kuna betri? Betri za lithiamu zina masharti makali kwenye ndege. Benki ya umeme (power bank) peke yake ni miongoni mwa vitu vinavyozuiwa mara nyingi kwenye posta, na kifurushi kinaweza kurudishwa au kuharibiwa bila wewe kujua. Ukinunua kamera, mwambie muuzaji abaki na betri. Utanunua nyingine hapa.

Tatu, umeme. Kwetu ni volti 230, Marekani ni 120, Japani ni 100. Chaja nyingi za kisasa zinakubali zote, na zimeandikwa hivyo mgongoni. Mashine yenye mota, kikaushia filamu au redio ya zamani haitakubali, na kuirudisha ng'ambo kutagharimu kuliko ulivyoinunulia.

Nne, vibali. Ndege zisizo na rubani zinahitaji kibali Tanzania na Kenya pia, na vifaa vya mawasiliano ya redio navyo vina utaratibu wake. Tafuta kibali kwanza, mzigo baadaye.

Halafu maneno ya hali ya kitu. Muuzaji akiandika "untested", yaani hakijajaribiwa, wewe soma kwamba kimekufa, na uweke dau la kipuri. Kwenye mnada wa Yahoo! wa Japani neno la namna hiyo ni "janku", na ukinunua janku huna pa kurudi kulalamika.

Hatua ya 3: Mwandikie muuzaji ujumbe mmoja, kabla ya mnada kufungwa

Watu wengi wanairuka hatua hii, na mimi ndiyo ninayoitegemea kuliko zote. Andika kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi, kwa adabu. Uliza mambo matatu: utakifunga namna gani, utakituma kwa huduma gani na ina ufuatiliaji hadi mlangoni au hadi mpakani tu, na utaandika thamani gani kwenye fomu ya forodha.

Kwa lenzi, mimi humwomba aizungushie nailoni ya mapovu ya hewa mara tatu, aiweke kwenye boksi dogo, na boksi dogo aliingize kwenye kubwa lenye karatasi zilizofinyangwa pande zote sita. Namwambia nitalipia nyongeza. Muuzaji mwema anajibu ndani ya siku moja. Asiyejibu, au anayejibu kwa hasira, namwacha hata kama lenzi ni nzuri. Mnada mwingine utakuja.

Tumia sanduku la ujumbe la mnada wenyewe, siyo WhatsApp wala barua pepe ya pembeni. Kukitokea mgogoro, waamuzi wanasoma ujumbe uliopita kwao.

Kuna jambo moja wauzaji hujitolea kulifanya kama hisani: kuandika "zawadi, dola 10". Kataa. Forodha wakiona lenzi na fomu ya dola 10 wataikadiria wenyewe, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaadhibu maelezo ya uongo. Mwenye mzigo ni wewe, siyo muuzaji aliyeko Birmingham. Tena mzigo ukipotea, bima italipa kile kilichoandikwa: dola 10.

Hatua ya 4: Chagua njia ya kusafirishia

Posta ya kawaida ni nafuu na inachukua muda. Mzigo unapita posta mbili, ya kwao na ya kwetu, na katikati kuna siku ambazo hakuna anayejua uko wapi. Kwa kitu cha dola 30 au 40, naikubali.

Kampuni za haraka kama DHL na FedEx zinafika kwa siku chache, na zenyewe ndizo zinazokutolea mzigo forodhani kwa ada. Ubaya wake ni kipimo cha ukubwa. Hawatozi kilo za mizani peke yake: wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 5,000, na wanachukua namba iliyo kubwa. Boksi la 40 kwa 30 kwa 30 linatoa 36,000. Ukigawa unapata kilo 7.2. Hata kama ndani mna kamera na karatasi zenye kilo 3 tu, utalipia 7.2. Kwa hiyo unapoomba boksi ndani ya boksi, taja na vipimo.

Baadhi ya minada ina mpango wake: muuzaji anatuma kwenye ghala la nchini mwake, na mpango unaendelea na safari ya nje. Ukiona kodi za forodha zimeshakatwa wakati wa kulipa, chapisha risiti hiyo na uitunze, ili usije ukatozwa mara ya pili ukiwa huna cha kuonyesha.

Njia ya nne ndiyo inayopendwa sana kwetu, na ndiyo yenye shimo: anwani ya kago. Unapewa anwani ya ghala Marekani, Uingereza au Dubai, muuzaji anatuma huko kama kwa mtu wa kwao, kisha kago wanakusanya mizigo na kuleta kwa kilo. Ni nafuu kweli. Inafungua hata minada ya wasiotuma Afrika. Maghala mengi ya Marekani yamewekwa Delaware au Oregon kwa kuwa majimbo hayo hayana kodi ya mauzo, na hapo unaokoa tena.

Sasa shimo lenyewe. Ulinzi wa mnunuzi wa eBay unaishia kwenye anwani uliyompa muuzaji. Kifurushi kikishapokelewa ghalani Delaware, kwao kimefika. Kikipasuka, kikipotea au kikibadilishwa kati ya Delaware na Dar, hawana habari nawe. Kwa hiyo ukitumia kago, walipe wakifungue na kukipiga picha siku hiyohiyo kilipoingia, ukague ukiwa huku, na udai kabla hakijapanda ndege. Waulize pia, kwa maandishi, wanalipa nini mzigo ukipotea mikononi mwao. Wengi wanalipa kwa kilo, na lenzi ya dola 300 haifiki hata nusu kilo.

Japani ni hadithi nyingine kidogo: wauzaji wengi wa Yahoo! hawatumi nje kabisa, hivyo unapitia mawakala wa kununua kama Buyee au ZenMarket. Unalipa mara mbili, kwanza kitu na ada, halafu nauli kitu kikishapimwa. Weka hela ya awamu ya pili pembeni tangu mwanzo, kwa sababu ghala lina siku za bure na baada ya hapo linatoza.

Hatua ya 5: Andika anwani inayofikika

Kampuni za haraka hazipeleki kwenye sanduku la posta. Posta nayo mara nyingi inalihitaji. Mimi naandika vyote: jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, nyumba na mtaa, kata, postikodi ya tarakimu tano, sanduku la posta, na namba ya simu inayoanza na +255. Simu ndiyo inayookoa. Tangu nyumba zianze kupewa namba na mitaa majina, kazi imekuwa rahisi kidogo, lakini dereva bado atapiga akuulize uko karibu na msikiti gani.

Jina la utani usiliandike. Rafiki yangu alikaa siku nne akithibitisha kwamba yeye ndiye mwenye mzigo, kwa sababu akaunti yake ilikuwa na jina la studio.

Hatua ya 6: Lipa ndani ya mnada

Kwa kadi ya benki, kwa PayPal, au kwa kadi za mtandaoni zinazotolewa kupitia M-Pesa. Muuzaji anayetaka umtumie kwa njia ya kutumiana fedha kati ya ndugu ili akupunguzie bei, mkimbie. PayPal wanakupa siku 180 za kufungua mgogoro kwa malipo ya kununua. Hela iliyotumwa kama ya ndugu haina siku hata moja.

Hatua ya 7: Shika namba ya ufuatiliaji, na kalenda

Namba za posta za kimataifa zina umbo moja: herufi mbili, tarakimu tisa, herufi mbili za nchi inakotoka. RR 123456785 GB, kwa mfano. Herufi ya kwanza inakuambia huduma: E ni EMS (posta ya haraka), R ni rejista, C ni kifurushi, L ni barua yenye ufuatiliaji. Ikianza na U, usitarajie kuiona njiani.

Tarakimu ya tisa ni ya kuhakiki, na unaweza kuikokotoa mwenyewe. Zidisha tarakimu nane za mwanzo, kwa mpangilio, na 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7. Jumlisha. Kwa namba hiyo ya juu: 8 + 12 + 12 + 8 + 15 + 30 + 63 + 56 = 204. Gawa kwa 11, linabaki 6. Toa 6 kwenye 11, unapata 5, ndiyo tarakimu ya tisa. (Ukipata 10 andika 0, ukipata 11 andika 5.) Muuzaji akikupa namba ya posta isiyokubali hesabu hii, ama amekosea kuiandika ama ameitunga. Muulize siku hiyohiyo.

Sasa kalenda. eBay wanakupa siku 30 tangu siku mzigo ulipofika, au ulipokadiriwa kufika, kufungua dai. Posta yetu inaweza kuchelewa kupita makadirio, na hapo ndipo mtu anapopotea. Niliwahi kusubiri taa ya kamera kutoka kwa muuzaji mmoja, mwungwana wa maneno. "Vumilia wiki moja, rafiki yangu, posta tu hiyo." Wiki moja ikawa mbili, kisha nne. Nilipochoka na kufungua dai, kitufe hakikuwepo tena. Taa sijaiona hadi leo.

Siku hizi, mara tu nikilipa, naweka kengele mbili kwenye simu: ya kwanza siku iliyokadiriwa, ya pili siku 20 baada yake. Kengele ya pili ikilia kabla mzigo haujafika, nafungua dai, hata kama muuzaji ni mtu mzuri kiasi gani. Namwandikia kwa upole kwamba mzigo ukija nitamjulisha na hela yake ataipata. Mwenye nia njema anaelewa.

Hatua ya 8: Nenda forodhani ukiwa na karatasi

Chapisha mambo matatu: ukurasa wa bidhaa, ankara ya mnada, na uthibitisho wa malipo. Chukua na kitambulisho na TIN. Mara ya kwanza nilikwenda na simu mkononi. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa kaunta, nikamwamkia, akaitazama simu yangu akanirudishia: "Marahaba mwanangu. Hii nitaiambatisha wapi? Kachapishe, uje." Alikuwa na haki. Nilitoka nje, nikachapisha kwa shilingi mia chache, na baada ya dakika ishirini thamani niliyoonyesha ndiyo iliyotumika.

Bila karatasi, afisa analazimika kukadiria, naye atatazama bei za kitu kipya. Ukiona kadirio haliendani na ulicholipa, omba kwa utulivu lipitiwe upya, onyesha malipo, eleza kwamba ni kitu kilichotumika. Omba risiti ya kila shilingi. Na usikawie: mzigo uliokaa unahesabiwa siku za kuhifadhiwa.

Hatua ya 9: Fungua mbele ya kamera

Simu iegemee kitu, ianze kurekodi boksi likiwa bado limefungwa. Onyesha pande zote sita, lebo, namba. Pima uzito kama una mizani. Kata seloteipu, toa kitu, kikague hapohapo bila kusimamisha video. Lenzi naimulika kwa tochi kutokea nyuma, natafuta ufa, na ukungu unaofanana na utando wa buibui, maana kwenye joto la pwani ukungu unaweza kuenea hadi kwenye lenzi za jirani.

Kuna kasoro? Fungua dai ndani ya mnada siku hiyo, ambatisha picha, na taja kitu kimoja kimoja: ufa upande upi, urefu gani. Usikirudishe kwa gharama yako kabla ya uamuzi kutoka, na usikubali "nirudishie kwanza, nitakutumia hela." Kama kitu hakilingani na maelezo, nauli ya kurudi ni ya muuzaji.

Boksi na karatasi zake usitupe hadi siku 30 zipite. Juu ya kabati langu sasa hivi kuna maboksi matatu, kila moja lina tarehe niliyoiandika kwa kalamu ya wino mzito. La kwanza litatoka Ijumaa.